Diani kwa bei ya Ukunda: namna ya kufaidi ufuo wa kitajiri ukilala kwenye gari lako

Askari wa geti aliitazama Noah yetu, akalitazama godoro lililobanwa kwenye kioo cha nyuma, kisha akauliza kwa adabu zote, "Mzee, mnaleta mzigo wa nani?" Nikamwambia hatuna mzigo, tumekuja kula chakula cha mchana. Akasogea pembeni kuzungumza na redio yake. Tukakaa juani dakika kumi na tano, mke wangu anacheka, mimi nafura. Hoteli yenyewe siitaji; ingeweza kuwa yoyote kati ya zile zilizopangana kando ya barabara ya ufuo wa Diani, kusini ya Mombasa.

Asubuhi ya siku hiyohiyo tulikuwa tumeogelea bahari ileile, mbele ya vitanda vya jua vya hoteli ileile, na hakuna aliyetuuliza kitu. Ndipo hesabu ya Diani iliponiingia kichwani: bahari ni ya bure, kinachouzwa ni kivuli. Tangu hapo tumerudi mara tano, na mpango wetu haujabadilika. Tunalala Tiwi, ufuo wa jirani, tunakula Ukunda, mji wa karibu, tunatembea Diani. Siku moja tu katika safari nzima ndiyo tunayonunua kivuli.

1. Tazama mwezi kabla ya kuomba likizo

Watu hupanga safari ya pwani kwa kalenda ya shule, kisha wanafika na kukuta bahari imekwenda zake, wamebaki na mwamba na mwani. Diani ina mwamba wa matumbawe mbele yake, na maji hupwa mbali. Kwa hiyo anza na mwezi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Katika pwani yetu siku hizo za bamvua maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, ingawa si mengi. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Ukitaka kutembea mwambani na kuona viumbe vya vidimbwini, njoo na bamvua. Ukiwa na watoto wanaotaka kuogelea asubuhi na kulala mchana, njoo na maji mafu. Hoteli haitakuambia hili, maana hoteli ina bwawa.

Upepo nao una lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto na bahari tulivu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba. Bahari hukasirika lakini usiku ni wa baridi kidogo, na kwa mtu anayelala ndani ya bati hilo si jambo dogo. Masika hupiga sana mwezi wa Mei. Bei hushuka wakati huo, ila mvua ya kaunti hii ya Kwale ikianza usiku juu ya paa la gari, utasahau ulichookoa. Sisi tunapenda mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, au Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa. Krismasi, Pasaka na Agosti tumewaachia wenye nazo.

2. Geuza gari liwe chumba

Huhitaji gari la watalii lenye jiko na choo. Noah, Voxy au Hiace iliyostaafu kubeba abiria inatosha. Sisi tulikunja viti, tukamwita fundi seremala akatukatia plaiwudi vipande vitatu vyenye miguu ya sentimita 30. Juu godoro la sponji la inchi nne, chini ya mbao tunaweka masanduku. Pima urefu wako mwenyewe kabla fundi hajashika msumeno. Mimi nilipima gari, nikasahau kupima miguu yangu, na safari ya kwanza nililala mshazari kama samaki kwenye sahani ndogo.

Adui mkubwa si mwizi, ni joto. Usiku wa kaskazi joto halishuki sana, na unyevu hukaa kifuani kama blanketi. Fanya hivi: tafuta nyavu za chandarua, zikate kwa umbo la madirisha, zishonee sumaku ndogondogo pembeni, zishike zenyewe kwenye bati la mlango. Hapo unaweza kushusha vioo pande zote mbili upepo ukapita, na mbu wakabaki nje wakiimba. Feni ndogo ya volti 12 inayochomekwa kwenye tundu la kuchajia husaidia, lakini ichukue umeme wa betri ya pili au ile ya sola, isichukue wa betri ya gari. Asubuhi ya kusukuma Noah mchangani sitaki kuikumbuka. Mapazia yetu ni leso. Hukauka haraka, na mchana mama watoto anazivaa.

Jiko: meko ya gesi ya kilo 6 inatosha wiki nzima kwa watu wawili. Pika nje, daima. Usiwashe gesi wala makaa ndani ya gari lililofungwa, hata kama mvua inamwagika. Moshi wa makaa huua bila kukuamsha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na fukwe. Kikapu cha ukili kinafaa zaidi hata hivyo, samaki hupumua.

3. Njia ya kuingilia

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 480 hadi Mombasa, na shida haiko kwenye urefu, iko kwenye malori. Ondoka alfajiri, lala Voi ukichoka. Usiendeshe usiku kati ya Mtito Andei na Mariakani kwa sababu ya kuokoa saa mbili.

Zamani kuingia Pwani ya Kusini kulimaanisha kivuko cha Likoni: foleni, jasho, wauza korosho dirishani. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, inayoacha barabara ya Nairobi upande wa Miritini na kutokea kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga bila kugusa kisiwa. Mwenye gari lenye godoro ndani apite huko. Kivuko ni kizuri kwa mtu wa miguu, ambaye halipi. Gari hulipa na kungoja.

Anayetoka Tanga hupita Horohoro na Lunga Lunga. Beba kadi ya gari kwa jina lako, au barua ya mwenye gari, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile ya kuvuka mipaka, uikate kabla ya kufika mpakani. Kutoka hapo ni lami hadi Ukunda.

4. Lala Tiwi

Usilale ufuoni Diani ndani ya gari. Nasema hivi nikijua kuna watakaojaribu. Kwanza si salama, pili walinzi wa hoteli watakugongea kioo saa saba usiku, na tatu, kupeleka gari mchangani ni kuharibu: kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizi, na tairi haioni kiota.

Tiwi iko kaskazini kidogo ya Diani, ng'ambo ya mdomo wa mto Mwachema. Huko ndiko wenye mahema na magari ya safari ndefu wamekuwa wakitua tangu zamani. Twiga Lodge ilijulikana kwa miongo kadhaa na wasafiri wanaoshuka na malori kutoka Ulaya hadi Cape Town. Maeneo ya kambi hufunguliwa na kufungwa, hivyo piga simu wiki hiyohiyo. Uliza mambo manne: maji ya kuogea ni ya chumvi au matamu, choo kinasafishwa lini, askari wa usiku wapo wangapi, na kama wanatoza kwa gari au kwa kichwa. Swali la mwisho ndilo linalobadilisha bajeti. Mara ya mwisho tulilipa shilingi 1,600 za Kenya kwa usiku, watu wawili, mahali palipotoza kwa kichwa. Kando yetu palikuwa na familia ya watu sita kwenye Hiace, walilipa karibu mara tatu yetu kwa kivuli cha mkwaju mmoja.

Egesha ubavu wa gari kuelekea baharini ili upepo uingie mlango wa ubavuni. Usiegeshe chini ya mnazi. Nazi haina macho.

Na sasa kuhusu kima. Siku ya pili ya safari ya kwanza tulikwenda kuoga, tukaacha kioo kimoja kimeshuka upana wa ngumi. Tuliporudi, kima mmoja alikuwa amekaa kwenye usukani kabisa, mguu mmoja juu ya honi isiyolia, anamenya ndizi yetu ya mwisho kwa utulivu wa mtu aliyelipa. Wenzake wawili walikuwa darini wanagawana mkate. Mke wangu akapiga makofi, hakutikisika. Ni mpaka askari mzee wa kambi alipookota jiwe, hata hakulirusha, ndipo wote wakaondoka, wa usukani akiwa wa mwisho, na ndizi mkononi. Tangu siku hiyo chakula hukaa kwenye sanduku lenye komeo. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe, hawana habari na mkate wako. Wao zaidi ni majani. Utawaona wakivuka barabara ya Diani juu ya ngazi za kamba zilizotundikwa na shirika la Colobus Conservation ili wasigongwe na magari. Endesha polepole hapo hata kama ngazi ipo.

5. Kula Ukunda

Bei ya sahani moja ya hoteli hulisha watu wawili Ukunda siku nzima, na mara nyingi Ukunda ndiko kunakopikwa vizuri. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Jioni, magharibi ikikaribia, karai hupangwa kando ya barabara: viazi vya karai, bhajia za kunde, mishikaki, pweza aliyekatwakatwa na kutiwa ukwaju na pilipili. Mwambie "nipe supu yake" kama hujawahi kuinywa.

Samaki usinunue sokoni mchana. Nenda Mwaepe, bandari ya wavuvi hapohapo Diani, wakati ngalawa zinaporudi. Saa hutegemea maji, ndiyo maana nilianza na mwezi. Utakuta tafi, changu, pono, siku njema tewa. Kuna utaratibu wake: wenye oda za hoteli kwanza, kisha mama karanga, wale akina mama wanaonunua samaki wadogo wakawakaange na kuwauza kijijini. Usije na pesa zako za likizo ukapandisha bei juu ya kichwa cha mama karanga. Subiri, salimia, kisha sema unataka wa watu wawili. Mimi husema, "Shikamoo mama, nisaidie tafi wa kuchoma, jiko ninalo." Mara mbili nimeambiwa, "Wacha nikukaangie mwenyewe, wewe utawachoma vibaya." Nikakubali, na alikuwa na haki.

Barafu ni tatizo la kila mwenye gari. Tunajaza maji chupa nne za chuma, jioni tunaziacha kwenye friza ya jikoni ya kambi kwa bakshishi ya mpishi, asubuhi tunaziingiza kwenye sanduku la chakula. Zikiyeyuka tunazinywa.

Ukunda ni mji wa Wadigo, Waislamu. Vazi la kuogelea liishie mchangani. Ukipanda juu, jifunge leso, na mwanamume avae shati. Ukija Ramadhani, vibanda vingi hulala mchana, lakini futari yake usiulize: kaimati, tambi, uji wa pilipili manga. Huo ndio mwezi tuliokula vizuri kuliko yote.

6. Tembea Diani

Acha gari kambini. Kutoka barabara kuu panda matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk au matatu ya barabara ya ufuo. Utashuka popote, hutatafuta maegesho, na hakuna askari atakayekuuliza habari za mzigo.

Kisheria, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo. Tatizo ni kufika hapo, kwa sababu hoteli zimejipanga kama ukuta. Kuna vichochoro vya umma kati ya ploti na ploti. Vingine vina kibao, vingine unaviona kwa kuwafuata watu wenye ndoo za samaki. Ukishakanyaga mchanga, tembea kutoka huku mpaka Galu, ufuo unaofuata kusini, hakuna wa kukuzuia. Vitanda vya jua ni vya hoteli, usivikalie. Tandika leso yako mbele yake.

Saa bora ni saa kumi na mbili asubuhi. Diani inatazama mashariki, kwa hiyo jua halizami baharini, linazaliwa humo. Maji huwa na rangi ya chuma kwanza, halafu mstari mwembamba mwekundu juu ya mwamba, halafu mchanga unaanza kuwaka mweupe chini ya miguu yako. Wageni waliolipa kwa ajili ya mandhari hii bado wamelala, mapazia yamefungwa, kipoza hewa kinavuma. Utakaokutana nao ni wavuvi, wafagia mchanga, na ngamia mmoja anayepelekwa kazini.

Vijana wa ufuoni, mabichi boi, watakujia. Ukijibu kwa Kiswahili nusu ya maneno yao huisha, na nusu nyingine huwa na faida. Tulipotaka ngalawa ya kwenda mwambani, bei ya kwanza ilikuwa ya Mzungu. Nikasema, "Kaka, sisi ni wa hapahapa, tupe bei ya nyumbani." Akacheka, akashusha, tukakutana njiani. Kubalianeni kabla ya kupanda: bei ni ya chombo au ya mtu, ni saa ngapi, na miwani ya kuzamia imo au haimo. Nenda maji yakiwa yanapwa ili mpate fungu la mchanga, na nahodha akisema turudi, rudini. Viatu vya mpira vivae mwambani kwa sababu ya wale viumbe wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na usisimame juu ya matumbawe.

Mdomoni mwa Mwachema kuna msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, umezungukwa na mibuyu, wa karne nyingi na bado unaswaliwa. Fika na nguo za heshima, uliza kabla ya kupiga picha. Kipande kile cha ufuo kati ya Tiwi na Diani usikipite peke yako na simu mkononi. Nenda mkiwa wengi, au na mtu wa kambini.

Siku moja toka kabisa Diani. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo kusini ya Galu, ni moja ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Unaingia na mwongozaji wa kijiji, umejifunga kaniki nyeusi, na ukitoka hubebi hata jani. Mbele zaidi ni Gazi, ambako akina mama wana daraja la mbao ndani ya mikoko na hupika chakula cha mchana ukiwaambia mapema. Kijiji hicho huuza hati za hewa ya ukaa inayonyonywa na mikoko yake kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, na pesa huenda kwenye maji na shule. Kwa safari hizo mbili, kiingilio kikijumlishwa na nauli, hatukufikia bei ya chumba kimoja cha hoteli.

7. Nunua kivuli siku moja

Sasa zamu ya anasa, na usiione kama dhambi. Hoteli nyingi huuza kiingilio cha siku: unalipa getini, unatumia bwawa, vitanda, bafu la maji moto, na mara nyingi sehemu ya pesa hurudi kama chakula na vinywaji. Hapo pana mtego. Kuna zinazorudisha yote, zinazorudisha nusu, na zisizorudisha kitu. Piga simu siku moja kabla, uliza hilo, kisha sema jina lako na nambari ya gari, upate jina la aliyekupokea simu. Ukifika getini unasema, "Habari za kazi, niliongea na fulani wa mapokezi," na geti linafunguka hata kwa Noah yenye godoro. Kile kisa changu cha mwanzo kilikuwa kosa la kutopiga simu, ingawa bado nadhani mgeni mwenye gari jeupe refu asingesubiri dakika kumi na tano.

Chagua siku ya katikati ya wiki, tena siku ambayo maji yanakauka mchana, kwa sababu hapo ndipo bwawa lina maana. Fika saa tatu, ondoka saa kumi na mbili. Oga vizuri, osha chumvi ya siku nne, chaji kila kitu chenye waya. Kunywa dawa moja, ile ya vodka, ndimu na asali, au dafu kama huna habari na pombe. Vaa nguo yako nzuri. Iliyokunjwa chini ya godoro hunyooka ukiitundika bafuni wakati wa kuoga. Sisi tulitenga shilingi 5,000 za siku hiyo, nje ya bajeti ya kawaida, na tulizimaliza bila majuto.

8. Siku ya kutoka

Chumvi hula gari kimyakimya. Kabla ya kushika barabara, pitia kwa waosha magari wa Ukunda, waambie wapige maji matamu chini ya gari kwanza, juu baadaye. Wengi huosha juu tu kwa sababu ndiko unakotazama. Paka grisi kidogo kwenye reli ya mlango wa ubavuni, maana mchanga ukikauka humo mlango utalia mpaka mwaka ujao. Toa godoro, likung'ute, lianike juani kwa muda wa saa moja. Hata hivyo mchanga utaukuta kwenye chai yenu Mtito Andei.